Maoni: Si kila mara kosa ni la kidole cha mwenye simu

Katika semineri za usalama wa simu zinazofanyika Bukavu, Goma, Uvira ao Lubumbashi, fundisho ni lilelile: usibonyeze kiungo usichokijua, usimpe mtu kode uliyotumiwa, usiamini ahadi ya zawadi. Washiriki wanaandika kwenye kaye, wanapiga picha ya pamoja, kisha wanarudi nyumbani wakiamini kwamba simu ya mtu mwangalifu haiwezi kuingiliwa. Fundisho hilo si baya, linaokoa feza za wengi. Lakini ni nusu tu ya habari, na nusu inayoachwa ndiyo yenye kuumiza.

Nusu hiyo ilionekana wazi mwezi wa tano wa mwaka wa 2019. WhatsApp, ambayo wakati ule ilikuwa na watumiaji wapata bilioni 1.5 duniani, ilitangaza kwamba kulikuwa na tundu katika ile sehemu ya programu yake inayoshughulikia kupigiana simu. Mshambuliaji alihitaji namba ya mtu tu. Alipiga, na pamoja na mwito huo akatuma vipande vya data vilivyotengenezwa kwa ujanja, na programu ya upelelezi ikaingia. Mwenye simu hakuhitaji hata kuitika. Hakubonyeza kitu, hakutoa kode, hakupakua picha. Watu wapata 1,400 walilengwa, na kati yao walikuwemo waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu wasiopungua 100, katika inchi mbalimbali.

WhatsApp ilishitaki kampuni ya Israeli ya NSO Group, inayounda programu ya upelelezi ya Pegasus. Ilichukua miaka zaidi ya mitano kabla jaji wa California kuamua, mwezi wa kumi na mbili wa 2024, kwamba kampuni hiyo ilikuwa na kosa. Kwa mwandishi wa habari wa Kivu, mwenye kubeba ndani ya simu yake majina ya watu waliomwambia siri, hiyo si hadisi ya mbali.

Kosa lililofungua mlango lina jina katika karatasi za mafundi: kufurika kwa bafa. Liko katika jamaa moja kubwa ya makosa ya memwari, na mzee wa jamaa hiyo, anayejulikana kuliko wote, ni kufurika kwa bafa ndani ya rundo. Anayemwelewa huyo mzee anaelewa kwa nini ushauri wa "usibonyeze" hautoshi.

Programu inapofanya kazi, mashini inaipa sehemu yake ya memwari, yaani kumbukumbu. Ndani ya sehemu hiyo kuna mahali panapoitwa rundo, kwa sababu vitu vinapangwa mule kama sahani zilizooshwa: iliyowekwa mwisho ndiyo inayoondolewa kwanza. Programu yenyewe imekatwa katika kazi ndogondogo, ambazo wanafunzi wa informatike wanaziita fonksioni. Kila mara fonksioni moja inapoita nyingine, sahani mpya inawekwa juu ya rundo. Kwenye sahani hiyo kunakaa, pamoja na vitu vingine, nafasi ya kupokelea data, ndiyo bafa, na pia anwani ya kurudia: mahali programu itakapoendelea na safari wakati fonksioni hiyo itakapomaliza. Ni majirani hao wawili. Kwa desturi ya zamani, hakuna ukuta kati yao.

Kwa mtu asiyezoea mashini, afikirie karani wa depo moja sokoni Kadutu. Yuko katikati ya hesabu zake, ukurasa wa 40 wa kaye. Mteja anafika kujiandikisha. Karani anaacha hesabu, anafungua ukurasa mwingine, anachora vijumba 16 vya jina, na mara tu baada ya kijumba cha 16 anajiandikia kumbusho: "nikimaliza, nirudi ukurasa wa 40." Kisha anaandika jina, herufi moja kwa kila kijumba. Mteja wa kawaida ana herufi 9 ao 12, hakuna shida. Halafu anafika mwingine mwenye "jina" la herufi 60. Karani huyu ni mtiifu kupita kiasi. Hahesabu, anaandika tu kile anachoambiwa. Herufi ya 17 inaanguka juu ya kumbusho lake mwenyewe, na ya 18, na zinazofuata, mpaka maneno "ukurasa wa 40" yamefutika kabisa na mahali pake pamekaa kile mteja alichotamka.

Sasa karani anamaliza na kusoma kumbusho lake. Kama mteja alitamka ovyo, kumbusho linamtuma kwenye ukurasa usiokuwako, na kazi inakwama pale. Mara nyingine ndiyo sababu ya programu kujifunga ghafla mikononi mwa mtu, jambo ambalo kila mwenye simu amekwisha kuliona. Lakini kama mteja ni mjanja, kumbusho sasa linasomeka "rudi ukurasa huuhuu, mustari wa kwanza", na kwenye mustari wa kwanza, pale palipopaswa kuwa jina, kuna amri: fungua sanduku, mpe huyu anayesimama mbele yako. Karani anatii. Wala hana nia ya kuiba. Anafuata kaye yake, na kaye imeandikwa na mkono wake mwenyewe.

Hapo kuna swali ambalo mtoto wa shule ya msingi angeliuliza: nani wa kulaumiwa? Mwenye depo aliyelala nyumbani, ambaye feza zake zimeondoka? Ao yule aliyemfundisha karani kuandika bila kuhesabu vijumba?

Makampuni yanayounda programu yamepata muda wa kutosha wa kulijibu. Lugha ya C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara ya Bell huko Marekani, inamwachia mwandishi wa programu kazi yote ya kupima. Fonksioni yake inayoitwa strcpy inanakili maandishi toka mahali hadi pengine bila kuuliza kama nafasi inatosha. Nyingine, gets, ilikuwa mbaya zaidi: inapokea mustari mzima toka kwa mtu wa nje, hata uwe mrefu namna gani, na hakuna njia yoyote ya kuiambia ukubwa wa bafa. Tayari mwaka wa 1972, ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani ilieleza hatari ya namna hiyo. Wataalamu waliisoma, na kazi ikaendelea kama jana.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1988, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia kwenye intaneti programu yenye kujisambaza yenyewe. Moja ya njia zake ilikuwa huduma ndogo iitwayo fingerd, ambayo ilitumia ileile gets. Bafa ilikuwa na nafasi ya okteti 512. Programu ya Morris ilituma 536. Okteti moja ni nafasi ya herufi moja ya kawaida. Mega moja ambayo watu wananunua kwa franka zao ni milioni ya hizo. Basi okteti 24 tu za ziada, pungufu ya mustari mmoja wa kaye, zilitosha kubadilisha anwani ya kurudia na kuifanya mashini itii amri za mgeni. Inakadiriwa kwamba mashini zipatazo 6,000 ziliambukizwa, wakati intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000. Morris alihukumiwa mwaka wa 1990: miaka 3 chini ya uangalizi, saa 400 za kazi kwa jamii, na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa, maisha yana mambo yake.

Lakini gets haikuhukumiwa. Ilibaki katika kanuni rasmi za lugha ya C mpaka toleo la mwaka wa 2011. Miaka 23. Mtoto aliyezaliwa siku ya shambulio hilo aliweza kumaliza chuo kikuu na kufundishwa mule kutumia fonksioni ileile.

Wenye kutetea makampuni wanapenda kutaja kisa kingine. Tarehe 25 mwezi wa kwanza 2003, programu ndogo sana iliyoitwa Slammer, yenye okteti 376 tu, ilifurisha bafa ndani ya rundo la SQL Server, programu ya Microsoft ya kutunza data. Katika dakika 10 ilikuwa imefikia sehemu kubwa ya mashini zilizokuwa na tundu hilo, kama 75,000 kwa jumla, na huko Marekani mashini za kutolea feza za banki moja kubwa zikakwama. Na Microsoft ilikuwa imetoa dawa tangu mwezi wa saba wa 2002. Miezi sita! Basi, wanasema, kosa ni la wale ambao hawakuweka toleo jipya.

Hoja hiyo ina uzito kwa banki yenye mafundi na mishahara. Haina uzito wowote kwa mama anayeuza samaki kwenye bandari ya Kalundu. Simu yake aliinunua okaziyo, ikiwa imekwisha kutumika kwa mtu mwingine. Haina nafasi tena ndani, na kila mara inamwomba afute picha. Toleo jipya la programu moja linaweza kula mega nyingi, na mega hizo ni sehemu ya faida yake ya siku. Kwa hiyo anafanya kama wengine: anamwomba kijana wa jirani ampitishie WhatsApp kwa Xender, simu kwa simu, bila gharama. Kile anachopata ni nakala ya zamani, ya mwezi uliopita ao ya mwaka uliopita, pamoja na matundu yake yote. Mwingine ambaye simu yake ni ya zamani zaidi anaambiwa kwamba WhatsApp haikubali tena. Basi anawekewa WhatsApp iliyochezewa na watu wasiojulikana, na anashukuru kwa sababu inafanya kazi. Tangu banki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, simu hiyohiyo ndiyo pia kibeti cha nyumba.

Kumwambia mtu huyo "weka toleo jipya" ni sawa na kumwambia mtu wa Ndosho anywe maji ya chupa.

Na ubaya ni kwamba dawa inafanya kazi kweli, kwa wanaoipata. Mashini za leo zina kinga ambazo karani wa 1988 hakuwa nazo. Moja inaitwa kanari: namba ya siri inawekwa kati ya vijumba na kumbusho, na kabla ya kurudi karani anaangalia kama namba hiyo ingalipo. Ikiwa imefutwa, anafunga duka mara moja. Jina limetoka kwa ndege waliobebwa na wachimbaji wa makaa ya mawe ya Uingereza. Ndege akianguka, kuna gesi, watu wakimbie. Wachimbaji wa Kivu wangelielewa jina hilo haraka kuliko wanafunzi wengi wa informatike. Kinga nyingine inakataza ukurasa wa majina kusomwa kama amri. Ya tatu inachanganya kurasa kila mara, ili mgeni asijue ukurasa gani uko wapi. Android ilianza kuwa nayo kwenye toleo la 4.0, mwaka wa 2011, na ikaikaza katika matoleo yaliyofuata.

Hizo zote zinamfanya mwizi achoke, haziondoi kosa. Kinachoondoa kosa ni lugha zinazohesabu vijumba zenyewe na kukataa kuandika nje, kama vile Rust. Mwezi wa pili 2024 hata ofisi ya Ikulu ya Marekani yenye kushughulikia usalama wa mitandao iliomba makampuni yahamie kwenye lugha za namna hiyo. Google iliandika mwaka huohuo kwamba kwenye Android, makosa ya memwari yalikuwa asilimia 76 ya matundu ya usalama mwaka wa 2019, na yameshuka hadi asilimia 24 mwaka wa 2024, kwa sababu sehemu mpya zinaandikwa kwa lugha salama. Hesabu hizo ni nzuri. Lakini sehemu mpya ziko kwenye simu mpya. Simu ya okaziyo ya Kalundu haihesabiwi katika ushindi huo. Iko bado upande wa asilimia 76.

Je, inchi inaweza kufanya nini? Zaidi ya inavyodhaniwa. Kati ya mwaka wa 2020 na 2022, Wakongomani walikatwa kodi ya RAM, ile ya kuandikisha simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G. Watu walilalamika mpaka ikaondolewa. Wakati huo iliahidiwa kwamba kodi ile ingelinda wateja juu ya simu za wizi na simu bandia. Serikali ilijua basi, simu kwa simu, aina gani iko mkononi mwa nani. Lakini katika mabishano yote yale hakuna mwenye mamlaka aliyesimama kuuliza swali dogo: kati ya simu hizi tunazozikata dola 7, ngapi bado zinapokea matoleo ya usalama toka kwa wale walioziunda? Mteja alilipa kwa ajili ya ulinzi, na mwenye kuunda simu hakuombwa hata karatasi moja.

Ulaya imeuliza swali hilo. Tangu tarehe 20 mwezi wa sita 2025, kampuni inayouza simu katika inchi za Umoja wa Ulaya inalazimishwa kuendelea kutoa matoleo mapya kwa muda usiopungua miaka 5 baada ya kuacha kuuza aina hiyo. ARPTC, mamlaka yenye kusimamia posta na simu nchini Kongo, tayari ina kazi ya kukubali aina za vyombo kabla ya kuuzwa. Haingeomba sheria ya ajabu kuongeza mustari mmoja kwenye karatasi hiyo: simu hii itapokea matoleo ya usalama mpaka tarehe fulani, na tarehe iandikwe kwenye karto, kwa Kifaransa na kwa lugha za taifa. Vilevile, leseni za makampuni ya mitandao zingeweza kudai kwamba matoleo ya usalama yasikate mega za mteja. Makampuni hayo yanajua kufanya hivyo. Kila siku yanauza vifurushi ambamo WhatsApp ao Facebook inahesabiwa peke yake. Kodi ya Numeriki, ile sheria ya mwezi wa tatu 2023, ina kurasa nyingi juu ya adhabu za wahalifu wa mitandao. Adhabu inamfuata mwizi baada ya sanduku kufunguliwa.

Mtu atasema kwamba Kinshasa haina mkono leo katika miji kama Goma na Bukavu. Ni kweli. Lakini makampuni ya simu yanayosikika huko yanatumia leseni zilezile za taifa, na Kisangani, Kindu, Kalemie na Lubumbashi ziko na simu zilezile za okaziyo.

Mwingine atasema kwamba watu wanaokimbia risasi hawana muda wa kusikiliza habari za rundo na bafa. Huyo aende kuangalia watu wanaokimbia wanabeba nini. Godoro, sufuria, mtoto mgongoni, na simu mfukoni. Kwa simu ndiyo wanauliza barabara gani iko wazi na ndugu yuko wapi. Ndani yake kuna majina ya wote waliobaki nyuma.

Kuna pia kazi ya vyuo, na hapa lawama inarudi nyumbani. Kijana anaweza kumaliza miaka mitatu ya informatike akijua kupanga jedwali na kutengeneza ukurasa wa intaneti, bila kuona hata siku moja kwa macho yake anwani ya kurudia ikifutwa. Zoezi lenyewe halihitaji maabara ya bei kali. Mashini moja ya zamani, mistari kumi ya C, bafa ya okteti 16, na jina la herufi 60. Programu inaanguka, na mwanafunzi anatafuta kwa nini. Kijana aliyefanya zoezi hilo hataandika programu ya hospitali ao ya kooperative bila kupima kile kinachoingia. Programu kama hizo zinaandikwa leo na vijana wa hapahapa, na hakuna Google ya kuzikagua nyuma yao.

Kwa sasa, mnunuzi akienda kwenye maduka ya simu na kuuliza, muuzaji atamtajia kamera, memwari, nguvu ya batri, na kama anamwona hajaamua, atamwongezea kava bure. Akiulizwa simu hiyo itapokea matoleo ya usalama mpaka lini, atageuza karto pande zote nne akitafuta, kwa sababu yeye pia hajawahi kuambiwa.